Mbwa wa Fundi Cherehani

Kanzu ilirudi siku ya pili, imekunjwa vilevile kama nilivyoikunja mwenyewe. Mzee aliyeileta hakupandisha sauti. Aliitandaza juu ya meza yangu ya kukatia, akaweka kidole kwenye darizi ya shingoni, akasema, "Fundi, mkono wako sina neno nao. Lakini hebu tazama hapa."

Nikainama. Katikati ya darizi, pale mishono ilipobanana, kulikuwa na unyoya mmoja wa rangi ya hudhurungi, mfupi kuliko sindano, umejichomeka ukasimama wima. Nikauvuta kwa kucha, haukutoka. Nikachukua kibano ninachotungia uzi kwenye ovaloki, ukatoka. Pembeni yake nikaona wa pili.

"Mimi sina ugomvi na mbwa wako, mwanangu," akaniambia. "Ila hii kanzu ni ya kuswalia Ijumaa."

Aliyekulia Tanga haelezwi zaidi ya hapo. Niliifua upya, nikaipiga pasi, nikaikagua juani uzi kwa uzi, na hela yake nikamrudishia. Hakutaka kuipokea. Nikamwekea mfukoni kwa nguvu, akaenda zake, na mimi nikabaki namwangalia Biskuti aliyekuwa amelala chini ya cherehani, kidevu juu ya pedali, hana habari.

Biskuti nilimpata miaka sita iliyopita kutoka shamba moja la mkonge upande wa Muheza, kwa meneja aliyekuwa anahama. Ni Ridgeback, mbwa wa kusini mwa Afrika, yule mwenye mstari mgongoni ambao manyoya yake yamelala kuelekea kichwani wakati mwili wote uliobaki manyoya yanaelekea mkiani. Mstari huo ulikuwepo kwa mbwa wa Wakhoikhoi, wenyeji wa huko, tangu kabla ya wazungu kuleta wa kwao wakachanganyika nao, na sifa rasmi za aina hii ziliandikwa Bulawayo, Zimbabwe ya leo, mwaka 1922, kwenye mkutano alioitisha mfugaji aitwaye Francis Barnes. Nimesoma kwamba waliazima sifa za Dalmatian, yule mbwa mweupe wa madoadoa, wakazirekebisha, na siwezi kuwalaumu. Hata mimi nikipata kazi nisiyoijua, nachukua patani ya zamani nikaipunguza hapa na kuiongeza pale.

Binti yangu alikuwa darasa la pili, ndiye aliyempa jina kwa sababu ya ile rangi. Mimi nilimchagua kwa hesabu zangu: manyoya mafupi, kazi hakuna. Nilishaona mbwa wa manyoya marefu akichanwa kwa saa nzima na bado ana mafundo nyuma ya masikio. Huyu wangu nikajua utampangusa kwa kitambaa kama meza, basi.

Hesabu zilikuwa za uongo. Unyoya mrefu ukianguka unajiviringisha na wenzake, unakuwa kama pamba, unaufagia. Mfupi una ncha, na ni mgumu. Unaingia kwenye kitambaa kama sindano, unapita katikati ya nyuzi, na ukishapita haurudi. Tetroni unaweza kuipiga brashi. Kitambaa cha suti cheusi utakaa na selotepu hadi usiku. Tena haya manyoya mafupi humaliza kuota upesi, yanakufa, yanaanguka, mengine yanaanza, na kwa joto la pwani hii hayasubiri msimu. Mwaka mzima yanadondoka, na miezi michache baada ya mbwa jike kutoka kwenye joto ndiyo balaa lenyewe.

Baada ya ile kanzu niliamua kumwogesha kila Jumamosi. Nilitumia sabuni ya mche, ileile tunayofulia, kwa sababu niliona inatoa uchafu kwenye ovaroli za mafundi gereji, itashindwaje na mbwa? Jumamosi ya kwanza akang'aa. Ya tatu akaanza kujikuna. Ya tano nilipompapasa mgongoni, vumbi jeupe likabaki kiganjani, mba tupu, na manyoya yakawa yanadondoka maradufu. Yaani nilikuwa naongeza tatizo nililotaka kulipunguza.

Daktari wa mifugo alinicheka kidogo, kisha akanieleza vizuri. Ngozi ya binadamu ina asidi kiasi, ya mbwa iko karibu na katikati, na ni nyembamba kuliko yetu. Sabuni ya kufulia ina magadi makali, inaondoa mafuta yote ambayo ngozi imejitengenezea. Mbwa wa manyoya mafupi hana pazia, kila unachommwagia kinafika kwenye ngozi moja kwa moja. Akaniambia nimwogeshe akichafuka au akinuka, kwa shampuu ya mbwa, na niisuuze hadi maji yatoke meupe. Siku hizi naweza kukaa hata miezi miwili bila kumwogesha. Watu hawaamini kwamba hanuki. Waje wamnuse.

"Manyoya yaliyokufa hutayatoa kwa maji," alisema. "Yatoe kwa mkono, akiwa mkavu."

Hapo ndipo ufundi wangu ulipoanza kunifaa. Aliyewahi kukata mahameli anajua habari ya mlalo. Ukipitisha kiganja upande mmoja inateleza na kung'aa, ukirudisha inakwaruza na kuwa nyeusi. Ukikosea mlalo kipande kimoja tu, gauni zima linaonekana limeshonwa kwa vitambaa viwili. Nilipomtazama Biskuti kwa jicho hilo niliona kitu ambacho nilikuwa nakiona kila siku bila kukisoma. Kifuani manyoya yana kizingo, kama maji yanapozunguka tunduni. Shingoni pembeni yanakutana na kufanya mshono. Na mgongoni kuna ule mstari, unaanzia nyuma ya mabega na vizingo viwili vilivyokaa sambamba kama macho, kisha unasinyaa taratibu hadi kiunoni. Ni kama kipande cha mahameli alichokigeuza fundi mlevi.

Brashi ya mpira sikuipata mjini wakati ule. Nilijaribu dodoki kavu, lile la uani linalotambaa kwenye ua. Linakuna vizuri, Biskuti alilipenda, lakini nyuzi zake zinavunjika na kubaki ndani ya manyoya. Nikajaribu glavu za kuoshea vyombo. Zinafanya kazi ila zinateleza mkono ukitoka jasho. Mwisho nilikuta gereji ya jirani kapeti ya gari iliyochanika, ya mpira, yenye vinundu vidogo kama punje za mtama. Nikaiomba. Nikachora kiganja changu juu yake kwa chaki, nikakata, upande wa pili nikaweka jinzi.

Kushona ndiko kulikonitoa jasho. Sindano namba 18 ilivunjika mara mbili, nikaogopa kuharibu cherehani, nikaacha. Nilimalizia kwa shazia na uzi wa viatu, kwa mkono, jioni nzima. Glavu ile ninayo mpaka leo. Nimebadilisha jinzi mara moja tu.

Namna ninavyofanya ni hii. Kwanza upepo. Kwenye mji wa pwani ukichambua manyoya bila kuuliza upepo, yote yanahamia kwenye kamba ya nguo ya jirani, na jirani yangu ana wajukuu wachanga. Msimu wa kusi nakaa upande wa kaskazini wa nyumba, ili yapeperukie kwenye migomba yangu. Kaskazi ikiingia nahamia nyuma ya jiko. Ninavaa shati moja la zamani ambalo haliingii kibandani kamwe, na nikimaliza nalivua palepale.

Naanza mabegani, naizungusha glavu taratibu kinyume na mlalo, bila kukandamiza. Manyoya yaliyokufa yanainuka, yanajikusanya kwenye vinundu kama unga kwenye chekeche. Mapajani na mbavuni nazungusha vilevile. Tumboni naacha glavu, natumia kiganja kitupu, maana pale ngozi inaonekana kabisa. Kwenye mstari wa mgongo sizungushi, napitisha mara mbili kufuata upande wake, nikitoka kiunoni kwenda mabegani, na kila nikifika kwenye vile vizingo viwili Biskuti anafumba macho. Kisha narudi mwili mzima kufuata mlalo. Namalizia kwa kipande cha kanga iliyochakaa, chenye unyevu kidogo tu. Kanga mpya haifai, ina wanga, inateleza. Iliyofuliwa miaka kumi inashika vumbi la mwisho na kuacha mbwa anang'aa kama fanicha ya mninga.

Dakika kumi na tano, mara mbili kwa wiki. Mwezi wa pili tangu nianze, nilishona suti nyeusi nzima na sikugusa selotepu.

Lakini faida kubwa haikuwa kwenye suti. Mkono unaopita mwilini mwa mbwa mara mbili kwa wiki unaanza kujua. Fundi hatazami kila mshono, anaupapasa, na kidole kinasimama chenyewe penye kasoro. Kidole changu kilisimama mara ya kwanza kwenye kupe, ndani ya sikio, kwenye ule mkunjo mdogo wa ukingoni. Nilikuwa sijui kwamba ana kupe hata mmoja. Kwa mbwa wa manyoya mafupi unajidanganya kwamba ungewaona. Wanaoonekana ni wale walioshiba, wa kijivu kama mbegu za mnyonyo. Wadogo wanakaa katikati ya vidole vya miguu, chini ya mkia, kwapani, nyuma ya kola. Huyu kupe wa kahawia wa mbwa sehemu kubwa ya maisha yake haishi hata juu ya mbwa, anaishi kwenye nyufa za ukuta na chini ya mbao, na jike mmoja anataga mayai maelfu. Ukiona watano mwilini, nyumba inao wengi zaidi.

Kumtoa ni kwa kibano, unambana karibu kabisa na ngozi, unavuta wima bila kusokota, unamtumbukiza kwenye spiriti. Mafuta ya taa, kiberiti, mafuta ya kula, vyote hivyo nilishauriwa na watu wenye uhakika sana. Usifanye. Kupe akisumbuliwa hivyo anaweza kutapika kabla ya kuachia, na anachotapika kinaweza kuwa na ugonjwa.

Hapa nina kosa la kusimulia, na ni langu peke yangu. Rafiki yangu mfugaji alinipa chupa ya dawa ya kuogeshea ng'ombe, ya amitrazi, sumu ya kuua kupe. Dawa hiyo kwa mbwa pia hutumika, kwa kipimo chake na mkononi mwa anayejua. Mimi nilipima kwa kizibo, kwa macho, nikasema nusu ndoo inatosha, nikampaka mwili mzima, na sikumfunga asijirambe. Baada ya saa moja Biskuti alikuwa amelala. Nikafurahi, nikasema leo ametulia. Baadaye nikamwita, akanyanyua kichwa kama mtu aliyelewa, akasimama, miguu ya nyuma ikamkatikia. Masikio yalikuwa baridi. Fizi zimepauka.

Nilimpigia daktari nikitetemeka. Akaniambia nimsuuze haraka kwa maji mengi na shampuu, nimfunike, nimlete. Tulimpeleka na bajaji, dereva alikubali baada ya kutandika mfuko wa mbolea kwenye kiti. Moyo ulikuwa unapiga polepole mno. Alilala hapo usiku mmoja, akarudi nyumbani akiwa mnyonge, siku ya tatu akala. Tangu hapo dawa ya kupe ninayompa ni kidonge anachoandikiwa na daktari kwa uzito wake. Uzito naupimia kwenye mizani ya magunia pale mashine ya kusaga, kwa sharti la mwenye mashine kwamba nipanguse mizani mwenyewe, kwa maji na sabuni, yeye akiangalia. Mara ya mwisho alikuwa na kilo 31.

Funza ni hadithi nyingine. Wale wa ngozi, watokanao na inzi anayetaga kwenye mchanga wenye mkojo na kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini. Nilikuwa naanika gunia la Biskuti chini ya mwembe, kwenye majani. Siku moja mkono ukakuta vijipu vinne ubavuni, vigumu, kila kimoja na tundu dogo katikati kama tundu la sindano. Nikaminya kimoja, kitu kikacheza. Nakiri nilirudi nyuma hatua mbili. Daktari alivipaka mafuta mazito ya mgando, akangoja wale funza wasogee juu kutafuta hewa, akawatoa mmoja mmoja, wazima, bila kuwapasua ndani ya ngozi.

Dawa yake nilikuwa nayo dukani: pasi. Kila mama wa pwani anajua kupiga pasi nguo za mtoto mchanga hadi kwenye mapindo, sababu ni hiyohiyo. Kwa hiyo kila Jumapili, baada ya kumaliza kazi za wateja, kabla mkaa haujazima, napiga pasi gunia la mbwa. Nina pasi ya pili ya zamani kwa ajili hiyo. Mtaa mzima umecheka. Kuna kijana wa bodaboda ambaye hadi leo akipita ananisalimia, "Fundi, shikamoo, gunia limenyooka?"

Kuna na jambo la ule mstari, ambalo wauzaji wa mbwa hawa hawapendi kulizungumza. Mbwa wa aina hii wengine huzaliwa na kijibomba chembamba cha ngozi kinachozama kutoka juu kuelekea uti wa mgongo, hasa shingoni na karibu na mkia. Mwaka 2007 watafiti walionyesha kwamba asili ya mstari na asili ya kasoro hii zinakaa mahali pamoja kwenye urithi wa mbwa. Kikiingia uchafu kinaoza, na kinaweza kuua. Daktari alinifundisha kukitafuta: unainua ngozi ya shingo kwa vidole, unaisugua kidole kwa kidole, ukihisi kitu kama uzi uliokazwa chini ya bitana, hicho. Biskuti hana. Niliambiwa ndugu yake wa tumbo moja alikuwa nacho, akapasuliwa. Mpaka leo vidole vyangu vikipita hapo vinapunguza mwendo vyenyewe.

Kucha nitazisema kwa ufupi kwa sababu ziliniaibisha. Ukisikia mbwa anatembea sakafuni ta-ta-ta-ta, ni ndefu. Zake ni nyeusi, nyama ya ndani haionekani. Nilitumia mkasi mdogo wa kukatia nyuzi, nikakata nyingi, damu ikatoka, nikaizuia kwa unga wa wanga, na kwa miezi miwili hakunipa mguu. Nilimrudisha kwa dagaa wakavu: leo nagusa mguu, dagaa mmoja, kesho nashika kidole, dagaa mmoja. Sasa natumia tupa ndogo, polepole, mpaka katikati ya kucha itokee nukta nyeusi yenye unyevu, naacha. Masikio napangusa kwa pamba iliyozungushwa kidoleni, mpaka pale kidole kinapofika na si zaidi, na kingo zake wakati wa nzi wengi nazipaka dawa ya kufukuzia aliyonipa daktari, maana nzi wa kuuma huzitafuna ncha za masikio hadi zikawa vidonda. Meno kwa mswaki wa mtoto, bila dawa yetu ya meno.

Yule mzee hakuacha kuwa mteja wangu, ila kwa mwaka mzima alikuwa akinipa suruali tu. Kanzu alipeleka kwingine, na sikumuuliza. Mwaka huu, wiki mbili kabla ya Idi, alikuja na kanzu yake ya zamani ndani ya mfuko, anataka nipunguze pindo kwa sababu, alivyosema, yeye anafupika na nguo haifupiki. Nikaitandaza mezani. Biskuti alikuwa uani, hapiti tena kwenye mlango wa kibanda, hata yeye ameshajua.

Tukaikagua pamoja kabla sijaikata. Kwenye bega la kushoto mzee akasimamisha kidole. Unyoya.

Nikauchukua kwa kibano, nikausogeza kwenye mwanga wa dirisha. Ulikuwa mwembamba, mweupe, laini, mrefu kama kidole gumba, unapeperuka kwa pumzi.

"Huu si wa kwangu, mzee wangu," nikasema. "Wa kwangu ni mfupi na unasimama."

Akausogelea, akauangalia kwa muda, miwani juu ya pua.

"Huyo ni paka wa mke wangu," akasema, akausukuma kwa kucha ukaanguka. "Punguza inchi mbili."